Kutuza si kusisimkwa: jibu kwa mwalimu anayepeleka taarab kwenye kongamano la saikolojia ya muziki

Swali: Daktari, shikamoo. Mimi ni mwalimu wa muziki Tanga na ninasoma uzamili. Msimamizi wangu anataka nipeleke ikisiri kwenye lile kongamano la kimataifa la usikivu na utambuzi wa muziki, ICMPC. Nimerekodi video za harusi tatu na maonyesho mawili ya taarab, nikitazama watu wanainuka lini kwenda kumtuza mwimbaji. Nimeandika kwamba kutuza ni kipimo cha msisimko wa kimuziki kisichohitaji maabara. Lakini naona haya. Sina mashine, sina washiriki mia, na nasikia huko kumejaa watu wa ubongo. Je, nina cha kusema? Pia mkuu wangu wa shule ananishauri nitie humo kwamba muziki unaongeza akili, ili tupate mfadhili. Nifanyeje?

Jibu: Marahaba, Mwalimu. Ikisiri yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa na kalamu mkononi. Cha kusema unacho, ila si hicho ulichokiweka kwenye sentensi ya kwanza. Ukiingia ukumbini na sentensi ile, mtu wa kwanza kukusogelea atakumaliza kwa swali moja tu, na haki itakuwa yake. Swali lenyewe nitalifikia. Kwanza tuiondoe hiyo haya.

Kongamano hili lilianza Kyoto mwaka 1989. Tangu lilipokwenda Los Angeles mwaka 1992 limekuwa likihamahama takriban kila baada ya miaka miwili: Liège, Montreal, Seoul, Keele, Sydney, Bologna, Sapporo, Thessaloniki. Mwaka 2018 waandaaji walifanya jambo ambalo mimi nililipenda sana: kongamano moja waliligawa kwenye miji minne, Graz, Montreal, La Plata na Sydney, wakaunganishwa kwa video, ili ndege zipungue angani na asiye na nauli ya Ulaya apate pa kwenda. Mwaka 2023 lilikuwa Tokyo. Afrika, nijuavyo mimi, halijatia mguu. Watu wa ubongo wapo, ndiyo, lakini utawakuta pia walimu kama wewe, wapiga vinanda, wahandisi wa sauti, watu wa lugha, wanaochunguza watoto wachanga, na yule bwana asiyekosekana ambaye amechunguza kitu kimoja kwa miaka ishirini na atakwambia chote kabla chai haijapoa.

Mara yangu ya kwanza nilibandika bango lenye maneno kama 1,400. Nikasimama mbele yake saa nzima kama mlinzi wa duka la dhahabu. Walionisogelea ni wawili, na mmoja alikuwa anatafuta choo. Kwa hiyo haya unayoiona naijua, lakini dawa yake ni bango fupi. Mashine haihusiki.

Wala uchache wa watu usikutishe peke yake. Anne Blood na Robert Zatorre wa Montreal, mwaka 2001, walionyesha sehemu za ubongo zinazoamka pale muziki unapomsimamisha mtu malaika, yaani vinyweleo, mwilini, na waliopimwa walikuwa 10. Valorie Salimpoor na wenzake, miaka kumi baadaye, walionyesha kwamba dopamini, ile kemikali ya ubongo ihusianayo na raha, humwagika mara mbili katika safari hiyo: mara ya kwanza mtu anapokitarajia kilele, katika sehemu moja ya ubongo, na mara ya pili kilele kinapofika, katika sehemu nyingine jirani. Waliopigwa picha za dopamini walikuwa 8. Utafiti mdogo uliopangwa vizuri husimama wenyewe. Ila shika hilo neno, kutarajia. Tutalihitaji.

Sasa upande wa pili. Mwaka 2010 Joseph Henrich na wenzake walisema wazi kile ambacho wengi walikuwa wakikinong'ona: katika majarida makubwa ya saikolojia, asilimia 96 ya watu waliochunguzwa walitoka nchi zenye asilimia 12 tu ya watu wote duniani. Wa saikolojia ya muziki wakashtuka pamoja na wengine, wakaanza kusafiri. Walikuwa wameshaanza kidogo. Mwaka 2009 Thomas Fritz na wenzake kutoka Leipzig walichapisha kazi waliyoifanya kwa Wamafa wa milima ya Mandara, kaskazini mwa Kamerun. Waliwasikilizisha vipande vya piano, wakawaonyesha picha za nyuso tatu, ya furaha, ya huzuni na ya woga, na Wamafa wakapatia kuliko mtu anayebahatisha. Mwaka 2016 Josh McDermott na wenzake wakarudi kutoka kwa Watsimane wa Bolivia na habari ya kinyume: zile sauti mbili zikigongana ambazo sikio la Ulaya huziona chungu, Watsimane hawakuziona mbaya kuliko zile tamu. Kazi nzuri zote mbili, na mimi huzifundisha kila mwaka. Lakini tazama mwelekeo wa safari: swali hupanda ndege kutoka kule, na masikio ya kulijibu hutafutwa huku.

Mara chache swali limetoka huku, na lilipotoka lilifika mbali. Mwishoni mwa miaka ya 1950 kijana wa Austria, Gerhard Kubik, alikaa Kampala akifunzwa na Evaristo Muyinda, mwanamuziki aliyewahi kupiga katika jumba la Kabaka, mfalme wa Buganda, namna ya kupiga amadinda, ile marimba ya mbao ya Waganda. Amadinda ina vibao 12. Wapigaji wawili hukaa wakitazamana, mmoja anapiga mapigo yake kwa mwendo ulio sawa, wa pili anapenyeza yake katikati ya yale, na wa tatu yuko juu kabisa, kwenye vibao viwili vidogo. Msikilizaji husikia sauti zinazojitenga na kutembea peke yake, wimbo ndani ya wimbo, na ukitazama mikono hakuna hata mmoja unaoupiga wimbo huo. Kubik aliliandika jambo hilo mwaka 1962. Baadaye Albert Bregman wa Montreal na wenzake walionyesha maabara kwamba sikio hukusanya noti za muziki zilizo karibu kwa kimo cha sauti na kuzifanya mkondo mmoja, hata kama zimetoka mikono tofauti. Waganda walikuwa wameshatunga muziki mzima juu ya tabia hiyo ya sikio, vizazi kadhaa kabla ya maabara.

Basi wewe nawe una jambo la namna hiyo. Tatizo ni kwamba umelivisha nguo ya mwingine.

Rudi kwenye video yako. Mwanamke kakaa mstari wa tatu, kavaa sare ya kikundi chake. Mwimbaji yuko ubeti wa pili. Mama huyu anafungua pochi, anachomoa noti, anaikunja kwa urefu, anasimama. Haendi mbio. Anakuja mbele kwa hatua za mapigo, mkono ukiwa juu, noti ikionekana na ukumbi mzima, na njiani anamtupia jicho mtu aliyekaa upande wa kushoto. Anampa mwimbaji, anazunguka, anarudi kwa mwendo uleule. Wewe umeandika "msisimko". Na hilo ndilo swali nililokuahidi: umejuaje kwamba huyu kasisimkwa, na si kwamba kamjibu yule wa kushoto?

Kusisimkwa ni jambo la ngozi. Linakuja bila kuitwa, na mtu akiwa peke yake chumbani na spika masikioni humjia vilevile. Kutuza, au kutunza kama wasemavyo wengine, ni kauli. Mtu huazima mdomo wa mwimbaji, hulipia, na hutaka aonekane akilipa. Anaweza kuwa ameguswa hadi machozi, anaweza kuwa anampongeza shoga yake aliyeolewa, anaweza kuwa anamrusha mtu roho. Pengine yote matatu kwa noti moja. Ukikifanya kitendo hiki kuwa kipimamsisimko cha bei nafuu, umekipunguza, na umeingia kwenye mashindano na wenye maabara ambayo huwezi kushinda. Ukikiacha kiwe kilivyo, una kitu ambacho wao hawana: wakati kamili, hadi sekunde, ambapo msikilizaji anaamua mbele ya watu kwamba maneno haya ni yake. Muziki wenyewe umepewa jina linalotokana na neno la Kiarabu, tarab, ile hali ya mtu kutekwa na sauti hadi atoke nafsini mwake. Sidhani kuna haja ya kuwaazima watu wa Montreal neno la kuelezea kinachotokea ukumbini Makorora, hapo kwenu Tanga.

Sasa kazi. Umehesabu saa ambayo noti inamfikia mwimbaji. Futa hiyo, hesabu pale mtu anapoinuka kitini, na kama video inaruhusu, pale mkono unapoingia kwenye pochi. Kati ya kuinuka na kufika zinaweza kupita sekunde ishirini, na kwa sekunde ishirini ubeti umekwisha na kiitikio kimeanza. Ndiyo sababu jedwali lako linaonyesha watu wanatuza "wakati wa kiitikio". Hawatuzi kwa kiitikio. Ni miguu yao tu imefika hapo.

Programu ya ELAN ni ya bure na inakuruhusu kuweka alama juu ya video, mstari mmoja wa kuinuka, mmoja wa maneno, mmoja wa ala. Tafuta mtu wa pili arudie sehemu ya video bila kujua unatarajia nini, na umpe zikiwa zimezimwa sauti. Hili nalisisitiza. Anayesikia maneno na kuyajua makali yake ataona watu wanainuka pale anapodhani wangeinuka. Mimi mwenyewe nimejikuta nikifanya hivyo.

Halafu maneno. Nakutungia ubeti wa mfano, ili tusiushike wimbo wa mtu:

Nilipanda mti wangu, nikaulinda kwa miba,
Leo jirani mwenzangu, aja kwangu na mikoba,
Embe ni la shamba langu, na wewe umeshashiba.

Mistari mitatu, mizani 16 kila mmoja, vina vya kati na vya mwisho. Unaujua mwendo wake: mistari miwili inaandaa, wa tatu unachoma, na mwiba wenyewe uko kwenye kipande cha mwisho kabisa, "na wewe umeshashiba". Kabla ya neno hilo wimbo ni wa embe. Baada yake si wa embe tena, na kila aliyeko ukumbini anajua jirani ni nani. Sasa jiulize: mtu anainuka kabla ya "umeshashiba" au baada yake?

Hapa ndipo lile neno kutarajia linaporudi. Kwa wimbo mpya, msikilizaji hajui kinachokuja, kwa hiyo kama ni mwiba unaomuinua, atainuka baada ya mwiba, au mstari unaporudiwa. Kwa wimbo ambao umepigwa kila harusi, anaujua, na nakuwekea dau kwamba utawakuta wanafungua pochi mstari wa pili, mikoba haijafika mlangoni. Tofauti hiyo ya sekunde kati ya wimbo mgeni na wimbo uliozoeleka ndiyo nadharia tete yako. Inapimika kwa video ulizonazo, haihitaji mashine, na inazungumza moja kwa moja na kazi za kina Salimpoor bila kudai kwamba umeiona dopamini ya mtu. Usiitaje dopamini kwenye matokeo. Itaje mara moja mwishoni, kama mlango unaouacha wazi.

Tahadhari mbili za hesabu, na ya kwanza ndiyo kubwa. Kutuza kunaambukiza. Akiinuka mmoja, wanainuka wanne, na wa nne pengine hata ubeti hakuusikia, kamfuata dada yake. Kwa hiyo huwezi kuhesabu kila noti kama uamuzi unaojitegemea, ukazipanga kwenye jaribio la khi mraba kama ulivyofanya. Fanya hivi badala yake. Chukua nyakati zote za kuinuka ndani ya wimbo mmoja, uziache na nafasi zilezile kati yao, halafu uzizungushe zote kwa pamoja juu ya wimbo kwa idadi ya sekunde za kubahatisha, zinazovuka mwisho zirudi mwanzo. Ni kama tasbihi: unaizungusha duara zima, shanga hazibadilishi umbali kati yao, kinachobadilika ni ipi iko juu. Rudia mara 10,000, kompyuta itakufanyia ndani ya dakika chache. Kila mara hesabu ni wangapi wameangukia kwenye kipande cha mwisho cha ubeti. Ukikuta hali halisi iko mbali na hizo za kuzungusha, una jambo, na mlipuko wa kufuatana haukukudanganya kwa sababu ulibaki ndani ya kila mzunguko.

Ya pili: umeandika kwamba wakati wa bashraf, ule utangulizi wa ala bila kuimba, hakuna aliyetuza, "hivyo ala peke yake hazisisimui". Mwalimu, wakati wa bashraf mwimbaji hajafungua kinywa! Atapewa nani? Huo ni ushahidi wa adabu ya ukumbi, hautuambii lolote kuhusu fidla na kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi. Kama unataka kutenganisha sauti na maneno, kaa na wasikilizaji kumi na wawili nje ya onyesho, wape kipande kilekile kikiwa kimeimbwa, kikiwa kimepigwa kwa fidla pekee, na kikiwa kimesomwa kama shairi bila ala, waseme wanajisikiaje. Lakini hiyo ni kazi ya mwaka ujao.

Usiku uleule wa onyesho, kabla watu hawajaondoka, waulize waliotuza swali moja fupi: ulimtuza nani? Utashangaa wangapi hawatamtaja mwimbaji.

Kuhusu mkuu wako wa shule. Msalimie, na umweleze habari ya mwaka 1993. Frances Rauscher na wenzake wa California waliwachukua wanafunzi 36 wa chuo, wakawasikilizisha sonata ya Mozart ya piano mbili kwa dakika 10, wakawapa majaribio ya kufikiri kwa maumbo. Wakapata alama za juu kwa kiasi cha pointi 8 au 9 kwenye kipimo cha akili, na athari hiyo haikudumu zaidi ya robo saa hivi. Magazeti yakasema Mozart anaongeza akili, na mwaka 1998 gavana wa jimbo la Georgia akaomba dola 105,000 kwenye bajeti ili kila mtoto anayezaliwa apewe muziki wa kwenda nao nyumbani. Watoto wachanga hata hawakuwemo kwenye utafiti ule. Mwaka 2001 Thompson, Schellenberg na Husain walionyesha kwamba kinachosaidia ni uchangamfu na hali nzuri ya moyo: mtu aliyechangamshwa na kitu chochote anachokipenda hufanya vizuri zaidi kwa muda mfupi. Ukiiweka sentensi ya kuongeza akili kwenye ikisiri ya ICMPC, wahakiki wataitupa yote, maana kwao hilo ni kama kumwambia fundi wa gari kwamba sukari ndani ya tangi huongeza kasi. Kwa mfadhili sema ukweli: shule inataka kanuni moja, udi mmoja na mwalimu wa kuvifundisha.

Ridhaa hukuitaja popote, na ndiyo inayonikosesha raha kuliko hesabu. Harusi zako, mbili kati ya tatu, ni za wanawake peke yao. Waliokuwa humo walivua mabuibui wakijua hakuna mwanamume. Mwenye harusi kukuruhusu kurekodi hakukupi haki ya kuonyesha sura za wageni wake kongamanoni wala mahali pengine popote, na msaidizi wako wa kuweka alama, kama ni mwanamume, asiziguse. Chora watu kwa mistari. Kibali cha COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia, ni cha Bara, na kama maonyesho yale mawili yalikuwa Unguja, Zanzibar ina utaratibu wake wa vibali, uufuate hata kama umechelewa, kabla hujawasilisha chochote.

Bango lako liwe na vitu vitatu: ubeti mmoja wenye tafsiri, mstari wa muda wenye nukta za kuinuka kwa wimbo mgeni na wimbo uliozoeleka, na mchoro wa ile tasbihi. Tafsiri itakuchosha, najua. Usijaribu kuhamisha vina. Hamisha jirani na mikoba yake, watu wataelewa. Chukua spika za masikioni na kipande cha sauti cha dakika moja, na anayekuja mwache asikilize hadi mstari wa tatu kabla hujafungua mdomo.

Atatokea mtu wa kukuuliza kama kutuza si sawa na kumwachia mhudumu chenji mezani. Usikasirike. Mwambie anayeacha chenji hatembei ukumbi mzima akiwa ameinyanyua juu.

Sentensi yako ya kwanza mimi ningeiandika hivi: "Katika taarab ya pwani ya Tanzania msikilizaji huinuka na kumtuza mwimbaji mbele ya watu wote, na tunachunguza kama kuinuka huko hutangulia au hufuata kipande chenye fumbo, kwa nyimbo zinazojulikana na zisizojulikana." Ni ndefu, ifupishe. Ukikubaliwa, omba barua ya mwaliko siku hiyohiyo na uende ubalozini wiki hiyohiyo. Ulizia ada ya wanafunzi na punguzo la wanaotoka nchi zenye kipato cha chini. Tazama pia ruzuku za SEMPRE, chama cha Uingereza cha saikolojia na elimu ya muziki, ambacho huwasaidia wanafunzi kwenda kwenye makongamano. Maombi yake huweza kufungwa mapema, kwa hiyo usingoje jibu la ikisiri ndipo uanze kutafuta fomu.